Mistari miwili haitoshi: Kwa nini majibu ya VVU yanahitaji kipimo cha tatu

Siku ya kliniki ya mama na mtoto, foleni huanza mapema. Ndani ya chumba cha kupimia, muuguzi hufuta kidole cha mama kwa spiriti, hukitoboa, huvuta tone la damu kwa mrija mwembamba na kulidondosha kwenye kishimo cha kifaa cha plastiki kisichozidi urefu wa kidole. Huongeza matone machache ya maji maalumu, hutazama saa, kisha husubiri. Ndani ya dakika 20 majibu yapo mezani.

Mtoto wa mama huyo huyo, mwenye umri wa wiki sita, hapimwi hivyo ikiwa mama ana maambukizi ya virusi vya UKIMWI. Yeye hutobolewa kisigino. Matone ya damu yake hujazwa kwenye miduara mitano iliyochorwa kwenye karatasi ngumu nyeupe, karatasi huachwa ikauke, hutiwa kwenye bahasha na kusafirishwa hadi maabara kubwa. Majibu huja siku kadhaa baadaye, na kwa vituo vya mbali huweza kupita wiki.

Mama aliyekaa na mtoto mapajani ana haki ya kuuliza: kwa nini asipimwe kwa kifaa kile kile nikaondoka na majibu leo?

Sababu ni kwamba kifaa kile hakitafuti virusi. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza baada ya kukutana na virusi. Kingamwili za mama huvuka kondo la nyuma na kuingia kwenye damu ya mtoto, na zinaweza kubaki humo hadi afikishe miezi 18. Mtoto asiye na kirusi hata kimoja anaweza kupimwa kwa kifaa hicho na kuonyesha mistari miwili, ishara ya maambukizi, kwa sababu tu ya kile alichorithi kwa mama yake.

Hilo la mtoto wauguzi wanalifahamu vizuri na mwongozo wake uko wazi. Kinachozungumzwa kidogo ni kwamba kwa mtu mzima pia mstari ule ni ushahidi wa kingamwili. Kuutafsiri kuwa ugonjwa ni kazi inayohitaji muda, kipimo kingine na mtu anayejua anachokifanya.

Kifaa kinavyofanya kazi

Ndani ya kile kiplastiki kuna utepe wa karatasi. Kwenye utepe huo, mahali pa mstari wa kipimo, kiwanda kimegandisha vipande vya protini vinavyofanana na vya VVU. Damu ikichanganyika na yale maji hutambaa kwenye utepe. Ikiwa ina kingamwili zinazozitambua protini hizo, zitanasa hapo pamoja na chembechembe za rangi, na mstari utatokea. Mstari wa pili, ule wa kudhibiti, huonyesha tu kwamba kipimo kimefanya kazi. Usipotokea, majibu hayo ni batili hata kama ule mwingine umeng'aa namna gani.

Kosa linaweza kujipenyeza kwa njia mbili. Ya kwanza ni muda. Mwili hauanzi kutengeneza kingamwili siku ile ile ya kuambukizwa. Kwa vipimo vya haraka vinavyotumika vituoni, huchukua wiki kadhaa kabla hazijatosha kuonekana, na ndiyo maana anayepima huambiwa arudi ikitimia miezi mitatu tangu siku anayoitilia shaka. Ndani ya kipindi hicho cha dirisha mtu huweza kuwa na virusi vingi mno mwilini, akawa rahisi sana kumwambukiza mwenzake, huku kifaa kikionyesha mstari mmoja.

Ya pili ni kufanana. Damu ya binadamu ina kingamwili za kila aina, za malaria, kichocho, chanjo, ujauzito na mafua ya mwaka jana. Mara chache baadhi yake hushikamana na protini za kwenye utepe ingawa mwenye damu hajawahi kukutana na VVU. Mstari unaotokea hapo mara nyingi huwa hafifu. Watafiti wa Rakai, Uganda, waliripoti mwaka 2007 kwamba mistari hafifu ya namna hiyo ilichangia sehemu kubwa ya majibu ya uongo waliyoyakuta.

> Anayeuona mstari hafifu anaona kingamwili. Bado hajaona virusi.

Kilianza kwa ajili ya chupa za damu

Inafaa kukumbuka kipimo hiki kilizaliwa kwa kazi gani. Virusi vilitengwa kwa mara ya kwanza mwaka 1983 katika Taasisi ya Pasteur, Paris, na Françoise Barré-Sinoussi, Luc Montagnier na wenzao. Mwaka huo huo wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera. Machi 1985 Marekani iliidhinisha kipimo cha kwanza cha kingamwili za VVU, na lengo lake kuu lilikuwa kulinda damu inayotolewa kwa wagonjwa.

Kipimo cha kuchuja damu hutengenezwa kiwe na wasiwasi. Heri kumwaga chupa kumi nzuri kuliko kumtia mgonjwa chupa moja yenye virusi. Kwa benki ya damu, hesabu hiyo ni sahihi kabisa hadi leo. Kwa mtu anayesubiri majibu yake kwenye benchi, chupa nzuri iliyomwagwa ni yeye mwenyewe. Kwa hiyo tangu mwanzo ilieleweka kwamba jibu la kipimo cha kwanza lazima lithibitishwe kwa njia nyingine.

Kwa miaka mingi Tanzania ilithibitisha kwa kufuatanisha vifaa viwili. Cha kwanza kikionyesha maambukizi, damu ya mtu huyo huyo hupimwa kwa cha pili. Vikikubaliana, mtu huambiwa ana maambukizi. Utaratibu huo ndio uliobeba kampeni kubwa za upimaji, kuanzia ile ya Julai 2007 ambapo Rais Jakaya Kikwete na mkewe Mama Salma walipima hadharani viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, hadi kampeni ya Furaha Yangu iliyozinduliwa 2018. Umeokoa maisha ya watu wengi mno, na hakuna anayeandika kuhusu VVU Afrika Mashariki anayeweza kulipuuza hilo.

Hesabu ya Njombe na hesabu ya Zanzibar

Tatizo ni kwamba mazingira yamebadilika, na kifaa kile kile hakina uzito ule ule kila mahali.

Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya UKIMWI wa 2022–2023 ulikuta kwamba asilimia 4.4 ya Watanzania wenye umri wa miaka 15 na zaidi wanaishi na VVU. Njombe ilikuwa juu kuliko mikoa yote, asilimia 12.7. Zanzibar ilikuwa chini ya asilimia moja.

Tuchukue kifaa kizuri kinachokosea mtu mmoja tu katika kila watu 100 wasio na virusi. Hicho kimevuka hata kiwango cha Shirika la Afya Duniani, WHO, ambalo hukubali vifaa visivyokosea zaidi ya wawili katika kila mia. Pima kwa kifaa hicho watu 1,000 Njombe. Utapata mistari ya kweli 127 hivi, na ya uongo tisa. Sasa vuka bahari upime watu 1,000 mahali ambapo wenye virusi ni watano katika kila elfu. Utapata mistari ya kweli mitano, na ya uongo kumi.

Kifaa ni kile kile na mpimaji ni yule yule. Lakini kule Njombe mstari wa kwanza unasema kweli karibu kila mara, na huku kwingine unasema uongo mara mbili katika kila tatu.

> Kadiri maambukizi yanavyopungua, ndivyo mstari wa kwanza unavyozidi kustahili kutiliwa shaka.

Na si suala la mikoa tu. Utafiti huo huo ulionyesha kwamba asilimia 82.7 ya wanaoishi na VVU tayari wanajua hali zao. Maana yake, wengi wenye virusi wameshatoka kwenye foleni ya kupima. Wanaobaki kwenye foleni ni watu ambao kwa sehemu kubwa sana hawana maambukizi, hata Njombe. Mafanikio ya miaka 20 ndiyo yaliyoongeza uzito wa majibu ya uongo.

Bukavu: vipimo viwili vilipokubaliana kwenye kosa

Msomaji makini atauliza: kifaa cha pili si kitaondoa makosa ya cha kwanza? Kwenye karatasi, ndiyo. Kwenye damu, si lazima.

Mjini Bukavu, Kivu Kusini, nchini DRC, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilikuwa likiendesha huduma ya upimaji kwa mtindo wa vifaa viwili. Wahudumu wake waliona mambo yasiyolingana, wakaamua kuongeza kipimo cha kuthibitisha papo hapo. Matokeo yalichapishwa 2009. Kati ya watu 229 ambao vifaa vyote viwili viliwaonyesha kuwa na maambukizi, 24 hawakuwa nayo. Ni zaidi ya mmoja katika kila kumi.

Hao 24 walikwisha pimwa mara mbili, kwa vifaa vya kampuni tofauti, na vyote vikasema ndiyo. Ilikuwaje? Vifaa vya kampuni tofauti mara nyingi hubeba protini zinazofanana, kwa hiyo kingamwili iliyokidanganya cha kwanza ina nafasi nzuri ya kukidanganya na cha pili. Makosa yao ni ndugu. Kwa maoni yangu, hii ndiyo hoja nzito kuliko zote katika mjadala huu, na ndiyo inayosahaulika haraka pale bajeti inapojadiliwa.

Mvutano ulipo

WHO ilikuwa na kanuni ya zamani: nchi zenye maambukizi ya asilimia tano na zaidi zitumie vipimo viwili, zilizo chini ya hapo zitumie vitatu. Mwaka 2019 ilibadilisha. Kwa kuwa idadi ya wanaokutwa na maambukizi inashuka karibu kila nchi, ilipendekeza vipimo vitatu mfululizo vikubaliane kabla mtu hajaambiwa ana VVU. Kenya ni miongoni mwa nchi zilizoamua kuhamia huko.

Wanaosita wana hoja zao, na si hoja za kipuuzi. Aina ya tatu ya kitendanishi ni bidhaa nyingine ya kuagizwa, kutunzwa kwenye joto sahihi na kufuatiliwa isipitwe na muda. Zahanati iliyowahi kuishiwa aina mbili itaishiwa kwa urahisi zaidi ikiwa ni tatu. Wahudumu lazima wafunzwe upya. Zaidi ya yote, kila hatua inayoongezwa ni mlango wa mtu kuondoka na asirudi, na aliyeondoka bila majibu ni hatari kwake na kwa mwenzi wake. Upande huu unasema heri kumwanzishia mtu dawa mapema kuliko kumpoteza kwa kutafuta uhakika.

Hofu hiyo ya gharama imezidi tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90 ili kuipitia upya. Sehemu kubwa ya huduma za VVU katika ukanda huu ilijengwa kwa fedha za Marekani, na mtu akianza kuhesabu vitendanishi vichache alivyonavyo, cha tatu huonekana anasa.

Nimezipima hoja hizo na bado nasimama upande wa pili. Kipimo cha tatu hakifanywi kwa kila aliyeingia mlangoni. Hufanywa kwa wale wachache tu ambao viwili vya kwanza vimewaonyesha maambukizi. Gharama yake hata kidogo hailingani na gharama ya kumpa mtu asiye mgonjwa dawa za kufubaza VVU kila siku kwa maisha yake yote, ukiacha kile ambacho hakina bei: ndoa iliyovunjika kwa tuhuma, mama aliyebadilisha namna ya kumlisha mtoto, kijana aliyeacha shule kwa kuona hana maisha mbele yake.

Kuna sababu nyingine inayofanya jambo hili lisingoje. Zamani mtu akikutwa na VVU, dawa hazikuanzishwa hadi kinga yake ishuke kiwango fulani. Alirudi kliniki mara kwa mara, akapimwa hiki na kile, na kosa lilipata nafasi ya kugundulika. Tangu Oktoba 2016 Tanzania humwanzishia dawa kila anayegundulika, bila kusubiri kinga kushuka. Uamuzi huo ni sahihi na umepunguza vifo, lakini umefuta ule muda wa kugundua kosa. Mtu akishaanza dawa, kosa hujificha: virusi havionekani kwenye kipimo cha wingi wa virusi, na kila mtu hufurahi kwamba dawa zinafanya kazi.

Tayari mwaka 2014 WHO ilikuwa imezikumbusha nchi zote kwamba kila anayegundulika apimwe upya kabla ya kuanza dawa, kwa damu mpya na ikiwezekana na mhudumu mwingine. Hii haihitaji kitendanishi kipya wala semina ya wiki nzima. Inahitaji msimamizi wa kituo kuhakikisha inafanyika, hata siku ambayo foleni imefika getini.

Kosa la upande wa pili

Majibu ya uongo huja pia kwa kukana. Kipindi cha dirisha nimekwisha kukitaja. Kuna pia wale ambao tayari wako kwenye dawa.

Mtu aliyeanza dawa mapema sana baada ya kuambukizwa huweza kuwa na virusi vichache kiasi kwamba mwili haukuwahi kujenga kingamwili nyingi, au zikapungua. Akipima kwa kifaa cha haraka, mstari unaweza kuwa hafifu au usiwepo. Hajapona. Virusi vimejificha ndani ya chembe za mwili na vitarudi wiki chache baada ya kuacha dawa. Hali inafanana na hiyo kwa wanaotumia dawa kinga, PrEP, halafu wakaambukizwa: kingamwili zao huweza kuchelewa kujitokeza.

Katika nchi iliyoshuhudia misafara ya magari kwenda kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba kijijini Samunge, Loliondo, mwaka 2011, na wengine wakaacha dawa zao, jambo hili lisichukuliwe kijuujuu. Anayetaka kuthibitisha kwamba maombi au mitishamba imemponya atakimbilia kipimo kilicho karibu, na siku moja kitamwonyesha mstari mmoja. Mwongozo wa wataalamu ni kwamba aliye kwenye dawa asipimwe tena kwa kifaa cha kingamwili ili kuangalia kama amepona. Kipimo chake ni cha wingi wa virusi.

Kujipima nyumbani

Novemba 2019 Bunge la Tanzania lilibadilisha sheria, likaruhusu mtu kujipima mwenyewe na kushusha umri wa kupima bila ridhaa ya mzazi hadi miaka 15. Kifaa maarufu cha kujipimia hupanguswa kwenye fizi. Wengi waliogopa walipokiona, wakidhani mate yanaambukiza VVU. Kinachochukuliwa kwenye fizi ni majimaji yenye kingamwili. Mate hayaambukizi.

Washauri nasaha walikuwa na wasiwasi juu ya mtu kubaki peke yake chumbani na mistari miwili. Upande mwingine ulisema wanaume hawaji kliniki, na bora wapime chumbani kuliko wasipime kabisa. Nakubaliana na hao wa pili, kwa sharti moja linaloandikwa kwenye karatasi ya maelekezo lakini husomwa na wachache: majibu ya kujipima hayatoshi kumtangaza mtu kuwa ana maambukizi. Mistari miwili nyumbani ni sababu ya kwenda kituoni kuanza mlolongo wote upya. Na majibu yasomwe ndani ya muda ulioandikwa, kwa kawaida kuanzia dakika 20 na yasizidi 40. Kifaa kilichoachwa juu ya kabati hadi asubuhi kinaweza kuota mstari usio na maana.

Homa ya ini C inatufundisha nini

Mfano wa mwisho unatoka kwenye ugonjwa mwingine. Kingamwili za homa ya ini C hubaki kwenye damu hata baada ya mtu kupona kabisa, na wapo wanaopona bila dawa yoyote. Daktari akimtibu mtu kwa sababu tu ya kingamwili hizo, anaweza kuwa anatibu ugonjwa uliokwisha miaka mingi. Kwa hiyo ni kanuni ya kawaida kwamba kipimo cha kingamwili kikionyesha ndiyo, hufuata kipimo cha virusi vyenyewe.

Kwa upande wa VVU, kwa watoto wachanga tumekwisha kubali gharama ya kuvitafuta virusi vyenyewe, kwa sababu tunajua kinachopotea. Bila dawa, karibu nusu ya watoto walioambukizwa hufariki kabla ya kufikisha miaka miwili. Utafiti uliofanyika Afrika Kusini na kuchapishwa 2008 ulionyesha kwamba kuwaanzishia dawa mapema kulipunguza vifo vyao kwa asilimia 76. Ile karatasi yenye miduara mitano inalipa. Basi mama asikate tamaa ya kufuatilia majibu ya wiki ya sita, arudi miezi tisa na miezi 18, na arudi tena baada ya kuacha kunyonyesha, kwa kuwa hadi hapo mtoto bado yuko kwenye hatari.

Cha kudai

Wizara za afya zihakikishe kipimo cha tatu kinafika hadi zahanati ya mwisho, kilipiwe kwa fedha za ndani pale za nje zinapokauka, na kila anayegundulika apimwe upya kabla ya kidonge cha kwanza.

Nawe msomaji, pima. Usiache kupima kwa sababu ya makala haya. Ukikutwa huna maambukizi na ulikuwa kwenye hatari hivi karibuni, rudi miezi mitatu ikitimia. Ukikutwa nayo, uliza umepimwa kwa vifaa vingapi, na omba upimwe tena kabla ya kuanza dawa. Ni haki yako, na muuguzi mwadilifu hatakasirika. Ukiwa tayari uko kwenye dawa, endelea kuzimeza, na ukitaka kujua hali yako, ulizia wingi wa virusi.